Mkuu wa Mkoa Haondolewi kwa Kura: Hoja ya Wafanyakazi wa Pwani ya Lindi

Katika nchi nyingi zenye vyama huru vya wafanyakazi, vyama hivyo vinapoona kwamba kiongozi wa serikali ya jimbo au mkoa amewapa mgongo walimu, wauguzi na makuli wanaobeba uchumi wake, hoja yao ya mwisho huwa fupi, nayo ni kwamba mtu huyo asipewe kura. Hoja hiyo ikifikishwa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje, Lindi mjini au Nachingwea, hukwama kabla hata ya kujadiliwa, kwa kuwa kiongozi wa mkoa katika Tanzania Bara hakuingia ofisini kwa kura na hawezi kutolewa kwa kura. Malalamiko yapo, wapigakura wapo, na ofisi inayolalamikiwa ipo na bendera inapepea, lakini kati ya malalamiko na ofisi hakuna sanduku. Makala haya yanachunguza pengo hilo lilivyotokea na linavyowagusa wafanyakazi wa pwani ya Lindi, na yanashikilia kwamba harakati za wafanyakazi zimetumia miaka mingi kumlalamikia mtu aliyeketi kwenye kiti, ilhali kinachostahili kuhojiwa ni kiti chenyewe.

Mkazi wa Lindi hupiga kura mara mbili katika kipindi cha miaka mitano. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao wa karibuni ulifanyika Novemba 2024, humchagua mwenyekiti wa kitongoji na wa kijiji, au wa mtaa kwa anayeishi mjini. Katika uchaguzi mkuu hupewa karatasi tatu, ya diwani, ya mbunge na ya Rais, zile ambazo wapiga kampeni walizoea kuziita mafiga matatu. Anayezipanga ngazi hizo kwa utaratibu wake ataona kwamba kura inatoka kitongojini hadi kwenye kata, kisha inaruka tarafa, wilaya na mkoa, na kutua jimboni na taifani. Kwenye ngazi zilizorukwa wapo watu watatu wenye amri kubwa, yaani afisa tarafa, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, na wote watatu ni wa kuteuliwa. Mkuu wa mkoa si figa hata moja, ingawa chungu chote huonekana kumtegemea.

Ibara ya 61 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kuwa kila mkoa utakuwa na mkuu wake, na kwamba kwa upande wa Tanzania Bara mkuu huyo huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya mwaka 1997, inafafanua kazi zake: ndiye mwakilishi mkuu wa Serikali mkoani, ndiye msimamizi wa utekelezaji wa sera, na katika shughuli za kila siku ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, chombo kinachowakutanisha wakuu wa polisi na vyombo vingine vya dola. Chini yake yuko Katibu Tawala wa Mkoa, mtumishi wa umma anayeshika hesabu na watumishi wa sekretarieti. Kazi ya mkuu wa mkoa huanza jina lake linapotoka kwenye orodha ya Ikulu, ile ambayo watu wa mitaani wameipa jina la mkeka, na huisha kwa tangazo kutoka huko huko kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Wananchi wa mkoa husikia habari zote mbili redioni, sawa na msikilizaji wa mkoa mwingine wowote.

Katika sheria hiyo ya 1997 kuna kipengele ambacho kila mtumishi wa umma anakijua hata kama hajawahi kukisoma. Mkuu wa mkoa, na vilevile mkuu wa wilaya, amepewa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe endapo ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo anaelekea kuvunja amani na kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia, au kwamba ametenda kosa linalostahili kukamatwa. Aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, la sivyo aachiwe, na aliyetoa amri anatakiwa aandike sababu zake. Masharti hayo yakisomwa neno kwa neno yanabana sana, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba aliyeyaandika hakukusudia yawe fimbo ya kumchapia mwalimu aliyechelewa kikao. Hata hivyo, lugha ya mitaani imeyafupisha yote kuwa neno moja, kumweka mtu ndani, na neno hilo linaogopwa kwa sababu linatamkwa na mtu ambaye aliyewekwa ndani hana njia ya kumwajibisha.

Namba hiyo ya 48 inajitokeza pia mahali pengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaruhusu wafanyakazi kugoma katika mgogoro wa maslahi, yaani mgogoro unaohusu kile wanachotaka kuongezwa na si haki wanayodai kuwa imevunjwa, lakini baada tu ya usuluhishi wa siku 30 mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kura ya wanachama yenye wingi wa waliopiga, na notisi kwa mwajiri ya saa 48. Mfanyakazi anapewa saa 48 za kuonya kabla hajaweka chini chaki au kuondoka gatini, na mtawala wa mkoa anapewa saa 48 za kumshika mtu kabla hajamfikisha kwa hakimu. Huenda watunga sheria hawakulinganisha namba hizo, lakini mfanyakazi wa Lindi ana kila sababu ya kuzilinganisha.

Pwani ya Kilwa ina kumbukumbu ndefu ya watawala wa kuletwa. Liwali alitumwa na Sultani wa Zanzibar, na Wajerumani walipofika walimtumia liwali na kumwongeza akida, ofisa wa kuteuliwa ambaye mara nyingi hakuwa mwenyeji wa eneo alilotawala, na ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya kodi na kusimamia kilimo cha pamba kwa shuruti. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi ndani ya wilaya ya Kilwa ya leo, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Historia imezoea kulisimulia tukio hilo kama cheche ya Vita vya Majimaji, na ndivyo lilivyokuwa. Lakini likitazamwa kwa jicho la mtu wa vyama vya wafanyakazi, kung'oa miche ile kulikuwa kukataa kazi isiyo na ujira unaofaa, chini ya msimamizi ambaye wafanyakazi hawakuwa na njia nyingine ya kumwondoa. Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, na vita vilipokwisha mwaka 1907 kusini yote ilibaki na njaa. Akida aliendelea kuwepo hadi Waingereza walipobadili mfumo wa utawala na kuweka wakuu wao wa majimbo na wa wilaya, nao pia wakiwa watu wa kutumwa.

Mwaka ulio muhimu zaidi kwa hoja hii, kuliko hata 1905, ni 1962. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, na miongoni mwa waliouleta lilikuwapo Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kwa kifupi chake cha TFL, ambalo liliundwa mwaka 1955 likiwa na Rashidi Kawawa kama Katibu Mkuu. Januari 1962 Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na Kawawa akashika nafasi hiyo. Mtu aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi akawa mkuu wa serikali, na ndani ya mwaka huo huo serikali ikapitisha sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali kuwa jambo la nadra, sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka, na sheria zilizounda vyeo vya mkuu wa mkoa na mkuu wa eneo badala ya wakuu wa kikoloni. Wakuu wapya wa mikoa walikuwa wakati huo huo makatibu wa chama tawala, TANU, katika mikoa yao, na uwezo wa kuamuru watu wakamatwe ulikuwemo tangu mwanzo. Cheo cha mkuu wa mkoa na kubanwa kwa mgomo, kwa hiyo, vilizaliwa mwaka mmoja na kulelewa nyumba moja, na haishangazi kwamba tangu hapo vimeendelea kufanana.

Waliotangulia kuonja ladha ya mpango huo walikuwa watu wa mkonge. Mashamba ya mkonge yaliizunguka ghuba ya Lindi, Kikwetu likiwa mojawapo, kama yalivyoenea Tanga na Morogoro, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kilikuwa kati ya vyama vikubwa kabisa nchini. Januari 1963 kiongozi wa chama hicho, Victor Mkello, alihamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa Sumbawanga, pembe ya nchi iliyo mbali na mkonge wote, kwa sababu ya migomo ambayo serikali iliiona haramu. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Kuanzia hapo mkuu wa mkoa aliyeweza kulalamikiwa na kiongozi wa wafanyakazi aliyeweza kulalamika walikuwa wameteuliwa na mkono mmoja.

Mkoa wa Lindi wenyewe ulizaliwa katikati ya hali hiyo, ulipotengwa na Mtwara mwaka 1971. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, jina ambalo kwa kweli lilisema kinyume cha kilichotendeka, kwa kuwa halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilifutwa na mamlaka yake yakahamia kwa maofisa wa Serikali Kuu waliokaa mikoani. Halmashauri zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Kwa miaka kumi na miwili hivi ya utoto wake, basi, mkoa wa Lindi haukuwa na diwani hata mmoja wa wilaya, na mazoea yaliyojengeka katika kipindi hicho, ya kuona kwamba neno la mkoani ndilo neno la mwisho, hayakufutika kwa sheria peke yake. NUTA nayo iligeuka JUWATA mwaka 1978, jumuiya ya chama tawala. Ikaja OTTU mwaka 1991, kisha TFTU, na baada ya Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998 kuruhusu tena vyama vingi vinavyojitegemea, shirikisho la TUCTA likaundwa mwaka 2001. Vyama vya wafanyakazi vilipata tena haki ya kuchagua viongozi wao. Mkoa haukupata.

Kazi ya mshahara kwenye pwani hii si nyingi. Mkoa una watu zaidi ya milioni 1.1 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na walio wengi wanaishi kwa korosho, ufuta, uvuvi, mwani na chumvi ya kuanika juani. Wanaolipwa kila mwezi ni walimu, wauguzi na waganga, watumishi wa halmashauri, wafanyakazi wachache wa mashamba, walioko katika mitambo ya gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa ambacho gesi yake ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na wale wanaotarajiwa katika bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Vyama vyao vinajulikana: Chama cha Walimu Tanzania, yaani CWT, TUGHE ya watumishi wa Serikali na afya, TALGWU ya watumishi wa serikali za mitaa, na TPAWU ya wafanyakazi wa mashambani. Malalamiko yao pia yanajulikana, na yana msamiati wake, ambao ni kucheleweshewa madaraja, malimbikizo ya mishahara yasiyolipwa, fedha za likizo zisizofika, na uhamisho usioambatana na posho yake.

Ugumu unaanza pale mfanyakazi anapotaka kujua malalamiko hayo yapelekwe kwa nani. Mwalimu wa shule ya msingi iliyoko Kipatimu analipwa kupitia halmashauri ya wilaya ya Kilwa, ambayo mkurugenzi wake mtendaji ameteuliwa. Ajira na nidhamu yake iko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Kiwango cha mshahara wake kinapangwa Dodoma. Mkuu wa mkoa si mwajiri wake kisheria, na mgogoro wa kazi hauwezi kufunguliwa dhidi yake mbele ya msuluhishi. Lakini mkuu huyo anaweza kufika shuleni hapo asubuhi, akaagiza mwalimu mkuu avuliwe madaraka hadharani, na agizo likatekelezwa kabla ya jua kutua, kwa sababu mkurugenzi naye anaogopa mkeka. Mamlaka ya kuadhibu yako karibu, wajibu wa kulipa uko mbali, na mfanyakazi amewekwa katikati. Hoja ya wafanyakazi dhidi ya ngazi ya mkoa, ikichujwa, inabaki hiyo, na haihitaji kutaja jina la mkuu yeyote wa zamani wala wa sasa, kwa sababu ingekuwa kweli hata kama wote wangekuwa waungwana.

Mahali ambapo jambo hili huonekana kwa macho ni kwenye sherehe za Mei Mosi za mkoa. Wafanyakazi huandamana na mabango yao, hupita mbele ya jukwaa, kisha katibu wa mkoa wa vyama husimama kusoma risala, ambayo kwa desturi huwa ndefu na ya adabu, na mgeni rasmi anayeipokea huwa ni mkuu wa mkoa. Hupokea, hupeana mikono, huahidi kuifikisha panapohusika. Uamuzi hutoka kwingine kabisa: nyongeza ya mwaka 2025, iliyopandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, ilitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwenye Mei Mosi ya kitaifa huko Singida. Risala ya mkoa kwa hiyo husomwa mbele ya mtu ambaye hana uwezo wa kuijibu, na wasomaji wake hawana uwezo wa kumwadhibu kwa kutoijibu, na pande zote mbili zinalijua hilo wakati makofi yanapigwa.

Wafanyakazi wa Tanzania waliwahi kujaribu kutumia kura kama silaha, na tukio hilo linastahili kukumbukwa vizuri zaidi kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 2010 TUCTA, ambayo sauti yake wakati huo ilikuwa ya Naibu Katibu Mkuu Nicholas Mgaya, ilitangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia tarehe 5 Mei, ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Siku mbili kabla, Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam na kusema kwamba Serikali haiwezi kulipa kiwango hicho, na kwamba kama kura za wafanyakazi zina sharti hilo, yuko radhi kuzikosa. Mgomo haukufanyika. Oktoba mwaka huo alishinda tena, ingawa sehemu yake ya kura ilishuka kutoka asilimia 80 za mwaka 2005 hadi asilimia 60 na kidogo. Kushuka huko kulikuwa na sababu nyingi, na si haki kuiona TUCTA kuwa ndiyo sababu pekee. Lakini lililo la maana ni kwamba Rais, kwa kuwa alikuwa mgombea, alilazimika kulitamka neno kura na kulipima mbele ya umma. Mkuu wa mkoa, katika mgogoro wa namna hiyo hiyo, hana haja ya kulitamka kamwe.

Wala haiwezi kusemwa kwamba wapigakura wa pwani ya Lindi ni wazito kubadili viongozi pale wanapopewa nafasi. Mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany wa CUF, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwa kura za jimbo, na mwaka 2015 ikalirudisha jimbo hilo kwa CCM. Kilwa Kusini ilimpeleka bungeni Selemani Bungara, maarufu kwa jina la Bwege, mwaka 2010, ikamrudisha 2015, kisha ikampoteza 2020. Katika mabadiliko hayo yote ofisi ya mkoa haikuguswa hata kidogo na kura za watu wa Lindi, na kila aliyebadilishwa alibadilishwa kwa hesabu zilizopigwa nje ya mkoa.

Majirani wa Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na tangu 2013 kila kaunti, zikiwemo Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu za pwani ile ile ya Waswahili, humchagua gavana wake kwa vipindi visivyozidi viwili. Kwa kuwa huduma za afya ziligatuliwa, yaani zilihamishiwa kaunti pamoja na watumishi wake, gavana akawa mwajiri, na muuguzi anajua mlango wa kugonga na karatasi ya kura ya kuadhibu nayo. Bunge la kaunti likishirikiana na Seneti linaweza pia kumwondoa gavana kabla ya muda wake, kama ilivyofanyika mwaka 2020 kwa Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi. Asiyeipenda Tanzania angeishia hapo. Lakini ni katika Kiambu hiyo hiyo ambako madaktari waligoma siku 150, hadi Oktoba 2025, chini ya gavana aliyechaguliwa na wananchi, na hilo linatosha kuonyesha kwamba kura haileti mshahara. Inacholeta ni anwani: daktari wa Kiambu alijua anagombana na nani.

Mfano wa mbali zaidi unafundisha jambo jingine, ambalo kwa Lindi ni zito kuliko yote. Katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, gavana Scott Walker alipitisha mwaka 2011 sheria iliyowanyima watumishi wengi wa umma sehemu kubwa ya haki ya majadiliano ya pamoja, yaani haki ya chama kukaa na mwajiri na kukubaliana naye kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Vyama vilikusanya saini zaidi ya laki tisa kutaka uchaguzi wa kumwondoa kabla ya muda wake, uchaguzi ukafanyika Juni 2012, na gavana akashinda kwa takriban asilimia 53. Moja ya sababu ni kwamba mkulima na mfanyakazi wa kampuni binafsi, ambao hawakuwa na marupurupu yaliyokuwa yakigombewa, hawakuona kwamba vita vile ni vyao. Walker alikuja kuangushwa Novemba 2018, katika uchaguzi wa kawaida, na Tony Evers, mtu aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye kampeni yake ilihusu shule na barabara za watu wote.

Kama hilo lilitokea mahali penye maelfu ya wanachama wa vyama, Lindi, ambako mtumishi wa umma ni kisiwa kati ya wakulima na wavuvi, haina anasa ya kuendesha hoja ya walimu peke yao. Na hakuna sababu ya kufanya hivyo. Mkulima wa korosho wa Ruangwa, Nachingwea au Liwale anaijua ofisi ya mkoa kwa njia yake. Anaikumbuka Novemba 2018, Serikali ilipoamua kuchukua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzikusanya, akangoja uhakiki na malipo bila kuwa na mchaguliwa yeyote wa ngazi ya mkoa wa kumwuliza. Mvuvi wa Somanga na mama wa mwani wa Songo Songo wanaijua kwa doria na makatazo. Wote hao wana shauri moja na muuguzi wa hospitali ya Kinyonga huko Kilwa, ingawa hawajawahi kukaa naye kikao kimoja.

Watetezi wa uteuzi wana hoja zao, na si dhaifu. Wanasema nchi iliyozaliwa na makabila zaidi ya mia moja ilihitaji watumishi wa taifa wasio na deni kwa ukoo wala eneo. Wanasema mkoa wenye mapato madogo kama Lindi ungepata gavana mwenye heshima na mfuko mtupu. Na wanakumbusha kwamba kimbunga Hidaya kilipofika mwanzoni mwa Mei 2024 na barabara ya kutoka Dar es Salaam kukatika maeneo ya Somanga, kilichohitajika kilikuwa mtu mmoja wa kuunganisha vyombo vyote vya Serikali kwa haraka. Hoja ya mwisho inakubalika bila ubishi. Lakini anayeratibu maafa hahitaji uwezo wa kumweka mwalimu ndani, na umoja wa taifa haujawahi kutishiwa na mwenyekiti wa kijiji anayechaguliwa. Kuhusu mfuko, halmashauri ya Kilwa inayo haki ya ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni zinazofanya kazi katika eneo lake, za gesi zikiwemo, na chombo kinachousimamia ni baraza la madiwani waliochaguliwa. Fedha na kura havijawahi kukatazana.

Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokutana Dodoma, sheria ilikuwa imetenga viti 201 kwa makundi ya jamii, na kati ya hivyo 19 vilikuwa vya vyama vya wafanyakazi, 20 vya wakulima na 10 vya wavuvi. Hesabu hiyo ingefaa ibandikwe kwenye kila ofisi ya chama cha wafanyakazi mjini Lindi, kwa kuwa inaonyesha ndugu watatu wa pwani hii wakiwa wameketi ukumbi mmoja, na suala la nani awe mkuu wa mkoa lilikuwa la kikatiba kabisa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika, na ukumbi ule ulifungwa. Si lazima kungoja ufunguliwe tena ndipo suala hilo lianze kusemwa. Kuchaguliwa kwa mkuu wa mkoa kunahitaji kubadili Katiba, lakini kufuta kipengele cha saa 48 katika sheria ya 1997 kunahitaji muswada mmoja na wingi wa kawaida wa wabunge. Sheria ya 2004, kwa upande wake, inavipa vyama nafasi ambayo havijaizoea, ya kusimamisha kazi kwa ajili ya kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi kwa jumla pasipo mgogoro na mwajiri mmoja, baada ya kutoa taarifa, kungoja siku 30 na kutangaza siku 14 kabla. Silaha hiyo ni nzito, na busara ni kuiacha ukutani. Lakini inafaa aliye upande wa pili ajue kwamba imetundikwa pale.

Viongozi wa matawi ya CWT, TUGHE, TALGWU na TPAWU katika mkoa wa Lindi wanaombwa, watakapokaa kuandika risala ya Mei Mosi ijayo, wasiishie kwenye madaraja na malimbikizo. Waongeze aya moja inayoomba mamlaka ya saa 48 yafutwe, waisome kwa adabu ile ile mbele ya mgeni rasmi, kisha nakala yake waipeleke kwa mkono kwa kila mbunge wa mkoa huo, kwa kuwa mbunge, tofauti na mgeni rasmi, atalazimika kurudi kuomba kura.